Mkemia Asiye na Ndevu

Profesa Avenir Lvovich alilisema kwa utani, na wala hakuwa mtu mwenye roho mbaya, lakini neno lenyewe lilimkwama Kapitolina Yevgrafovna kooni majira yote ya baridi.

"Mikono unayo, akili unayo," alimwambia mbele za watu, pale kwenye ngazi za chuo kikuu. "Umekosa kifaa kimoja tu, bibie. Ndevu."

Watu wakacheka. Kapitolina naye akacheka, maana angefanyaje? Ulikuwa utani wa siku nyingi wa wakemia. Mkemia akipata mafuta yanayokataa kuganda yakawa fuwele, humwita mwenzake mzee mwenye ndevu nyingi aje ainame juu ya chupa na kujikuna kidevu. Ndevu za mzee wa kazi hiyo zimejaa vumbi la kila kitu alichowahi kukisaga, na chembe moja ikidondoka inatosha kuwa mbegu. Mafuta yakiipata mbegu, huganda. Walicheka wakisema hivyo, lakini walikuwa wakiamini nusu yake, na nusu waliyoiamini ilikuwa kweli.

Miaka hiyo mwanamke hakuruhusiwa kusoma chuo kikuu. Kapitolina alijifunza kwa vitabu vya kuazima na kwa kusimama nyuma ya mlango wa darasa pale mlinzi alipojifanya haoni. Maabara yake ilikuwa chumba cha uani nyumbani kwa baba yake, mahali palipokuwa pakihifadhiwa mapipa ya mafuta ya kondoo. Baba yake, mzee Yevgraf Pafnutyich, alikuwa mpishi wa sabuni maisha yake yote, mpaka miguu ilipomgomea akaacha. Kwa hiyo binti alikuwa amekulia kwenye mvuke na harufu, na hakuna kilichomchefua.

Alichokuwa akikichokoa ni lami ya magome ya mbetula, mti wetu ule wa gome jeupe; lami ile nyeusi tunayopaka viatu na ekseli za mikokoteni. Aliichemsha, akaipitisha kwenye spiriti, akaiosha, akaichemsha tena, na mwisho akapata mafuta mazito ya rangi ya asali. Wengine waliowahi kufika hapo waliyamwaga. Yeye aliyaacha dirishani, na Januari moja, siku ya baridi kali, akakuta yamegeuka sindano nyeupe zilizopangana vizuri hata akaogopa kuzigusa. Hakuna mtu duniani aliyekuwa ameona kitu kile kabla yake. Alikaa kwenye kigoda akazitazama fuwele zake, na nakwambia, alifurahi kama mama aliyejifungua salama.

"Zina faida gani?" baba yake aliuliza.

"Sijui bado, baba."

"Hata sabuni hazitoi povu?"

"Hazitoi."

"Basi ni nzuri za bure," akasema mzee, akarudi kusinzia.

Maana mzee Yevgraf alikuwa amehamia humo. Tangu theluji ya kwanza alikuwa akiburuta kiti chake mpaka chumba cha uani, akakaa karibu na meza ya binti yake, ndevu zake nyeupe zimemfunika kifua hadi tumboni. Alidai jiko la chumbani kwake halipashi joto. Alikoroma, akaamka, akamtania binti kwamba kwa kuchemsha kote kule yeye angekuwa ameshatoa sabuni ya kumwogesha gavana na farasi wake, akakoroma tena. Kapitolina alikuwa akisaga fuwele zake kwenye kinu kidogo pembeni yake, na vumbi jeupe likitua juu ya kila kitu. Baada ya ile mara ya kwanza, mafuta hayakumpa taabu tena. Kila alichokitengeneza humo kiliganda kabla hakijapoa vizuri.

Shida ilikuwa kwamba hayakuganda mahali pengine popote. Profesa Avenir Lvovich alifuata maelezo yake hatua kwa hatua katika maabara ya chuo, akapata mafuta, na mafuta yakabaki mafuta. Akajaribu tena, ndevu zake zile kubwa za rangi ya shaba zikiwa juu ya chupa, wala hayakuganda. Akaanza kuwa na mashaka, na mashaka ya mtu mkubwa huambukiza wadogo. Daktari Ippolit Karlovich, mwenye duka la dawa pale mtaa wa juu, alisema wazi kwamba binti wa mpishi wa sabuni ameona chumvi ya kuoshea akaidhania ugunduzi.

Wiki ile ya mwisho kabla ya Pasaka, profesa alimwita. Ilikuwa Alhamisi. Kapitolina alitoka mbio asubuhi, na kwa haraka zile akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya mwaka mzima: alimwachia Fetinya ufunguo wa chumba cha uani, ili amwashie mzee jiko. Fetinya ndiye aliyemlea tangu mama yake afariki, na ndiye aliyeendesha nyumba. Kapitolina alijua uzito wa kila kitu alichokiweka mezani, ila hakukumbuka kuwa siku ile ilikuwa Alhamisi ya Usafi.

Profesa alimpokea kwa heshima, akamkalisha, akamwambia bila kuzunguka. Alhamisi baada ya Pasaka wanachama wa Chama cha Wakemia wangekutana. Angekuja atengeneze kitu chake mbele yao, kwa lami ya chuo, spiriti ya chuo na bilauri za chuo. Aje mikono mitupu, asije mtu akasema ameleta kitu mfukoni. Fuwele zikitokea, jina lake litatangazwa na atapewa meza yake mwenyewe katika maabara, mwanamke wa kwanza katika mji wetu. Zisipotokea, profesa atalazimika kusema kwamba kitu hicho hakipo, kisha hataweza tena kumwazima hata kitabu.

"Kitu kinachopatikana katika nyumba moja tu duniani," alisema taratibu, "sisi tunakiita ndoto, Kapitolina Yevgrafovna. Nitoe kwenye mashaka haya, nakuomba."

Alirudi nyumbani akiwa na matumaini tele, maana alijua siri ya chumba chake ni nini. Chumba kimejaa mbegu, ndiyo maana mafuta yanaganda. Angemwonyesha profesa kisahani chake cha fuwele mbele ya wote, amwombe ruhusa atie chembe moja tu, na wangeona wenyewe chembe ikigeuza bilauri nzima. Alikuwa akipanga maneno ya kusema huku akivua viatu vyake vya sufi mlangoni, na ndipo harufu ya maji ya jivu ilipompiga puani.

Kwetu, Alhamisi ya Usafi si mchezo. Watu huoga kabla jua halijatoka, nyumba husuguliwa kuanzia dari, na mama wa nyumba anayeacha kona chafu siku hiyo atakaa na uchafu huo mwaka mzima. Fetinya alikuwa amesubiri miaka kuingia chumba kile. Alipopewa ufunguo aliona Mungu amemjibu. Alisugua sakafu, akasugua kuta, akaosha madirisha, akapiga kitambaa kila rafu. Bilauri zote, chupa zote, kinu na visahani vyote vilikuwa vimepangwa juu ya taulo safi, vinang'aa. Aliviosha kwa maji yanayochemka.

"Kisahani cha dirishani," Kapitolina aliuliza. "Kile chenye vitu vyeupe. Kiko wapi?"

"Si hicho hapo, mwanangu? Kilikuwa kimeota chumvi kote kote. Nimekisugua mpaka kidole kimeniuma."

Kapitolina aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga, maana Fetinya alimwona uso akajua ameua kitu, na hakujua ni nini. Mama wa watu alianza kulia huku ameshika kitambaa chake cha kusugulia. Ikawa Kapitolina mwenye msiba ndiye anayembembeleza aliyemletea msiba, na kumwambia kwamba kosa si lake, ufunguo ulitoka mkononi mwa nani? Na ni kweli. Mtu aliyezaliwa hapa, akabatizwa hapa, asikumbuke Alhamisi ya Usafi! Alijilaumu kwa hasira, tena kwa haki.

Jioni hata Kapitolina alisukumwa bafuni, na nguo zake zote zikachemshwa. Kitu kimoja tu hakikuoshwa nyumbani mle siku ile, nacho ni mzee. Kifua kilimbana tangu juzi yake, akikohoa kwa mluzi, na Fetinya akakataa katakata apelekwe kwenye bafu la mvuke. Tena akamhamisha: chumba cha uani kimelowa, unyevu utammaliza, akalale chumbani kwake. Mzee alikubali shingo upande. Alilalamika kwamba atakufa bila kuoga, na malaika watamshika kwa koleo.

Ijumaa Kuu, siku ambayo hata mbwa hafanyi kazi, Kapitolina alichemsha lami. Jumamosi alichemsha tena. Mafuta yalitoka mazuri, ya rangi ya asali, yakakaa hivyo hivyo. Aliyazika kwenye theluji iliyobaki uani, akayakwaruza kwa kijiti cha kioo, akayaacha dirishani mahali pale pale pa Januari. Hakuna kilichoganda. Kila alipotoka humo mikono mitupu alipita kumwona baba yake, na chumba cha mzee kilikuwa na joto hata jasho lilimtiririka shingoni, naye akaona ni mawazo tu yanayomchemsha. Mzee aliuliza, "Zimekuja?" Alipotikisa kichwa, mzee alimpapasa mkono, wala hakufanya utani.

Jumapili ya Pasaka ilifika na kengele zake. Fetinya alipanga meza: mkate mrefu wa Pasaka, jibini tamu, mayai mekundu, nyama ya nguruwe baridi. Mzee alitolewa chumbani akafungwa blanketi, akakaa mwisho wa meza. Na kama ilivyo desturi siku hiyo, wanaume walianza kupita nyumba kwa nyumba kusalimia, kila mtu na kofia yake mkononi.

Profesa Avenir Lvovich hakuwahi kuja nyumbani pale. Siku hiyo alikuja. Nafikiri dhamiri ilimsumbua.

"Kristo amefufuka," alisema mlangoni.

"Kweli amefufuka," wakamjibu.

Akambusu mara tatu, ndiyo desturi ya salamu hiyo, Fetinya aliyekuwa amevimba macho kwa kilio cha siku tatu. Akambusu Kapitolina mara tatu, kwa haraka na kwa adabu. Kisha akamwinamia mzee. Mpishi wa sabuni alimkumbatia profesa kwa nguvu zake zote zilizobaki, akambusu shavu hili, shavu lile, na hili tena, ndevu nyeupe zikizama ndani ya ndevu za shaba mpaka hukujua zipi ni za nani. Walipoachana mzee alikuwa akikohoa na profesa akipangusa pua.

Alikunywa chai moja kutoka kwenye samawari, akala kipande cha mkate. Alipokuwa akiaga, Kapitolina alimfuata ukumbini akamweleza habari ya mbegu na ya usafi wa Fetinya. Alimweleza kwa ufupi, bila kujitetea. Profesa alisikiliza mpaka mwisho huku akizivuta ndevu zake, ndivyo alivyofanya alipohuzunika.

"Ningependa kukuamini," alisema. "Lakini wao watasema zilikuwepo mpaka siku ya kuzionyesha."

Kapitolina alijua hivyo ndivyo watakavyosema. Naye angesema vivyo hivyo, kama angekuwa amekaa upande wao.

Alhamisi aliamka akavaa gauni lake jeusi. Alikuwa ameshajiambia kwamba anakwenda kuzika, na maziko mtu huenda akiwa nadhifu. Mzee alikuwa nafuu, akasema naye anakwenda. Fetinya akamwambia ana wazimu. Mzee akamwambia amekaa chumbani wiki nzima kama kuku anayeatamia, na leo ataatamia chuo kikuu. Wakamvika koti lake la ngozi ya kondoo, wakampandisha kwenye gari la farasi. Pale chuoni hawakumruhusu kupanda juu, akaachwa na Fetinya kwenye kibanda cha mlinzi, mlangoni.

Kapitolina alifanya kazi tangu asubuhi mbele ya macho ya profesa. Alitumia lami yao na spiriti yao. Mikono yake ilijua njia, na kwa muda alisahau huzuni, maana kazi ni kazi na yeye aliipenda. Adhuhuri wanachama wakaanza kuingia, wazee na vijana, karibu wote na ndevu. Aliyagawa mafuta katika bilauri kadhaa ndogo, akazifunika kila moja kwa kisahani, akazipanga mezani mbalimbali ili zipoe. Zikapoa. Akafunua, akatazama, akafunika. Yalikuwa mafuta.

Wakasubiri. Mtu akakohoa, mwingine akatoa saa yake. Ippolit Karlovich akauliza kwa upole wa kuudhi kama huenda fuwele ziko Pasaka, zimekwenda kusalimia jamaa. Vijana wa nyuma wakacheka. Kapitolina alisimama ameshika ukingo wa meza, akisema moyoni asilie hapa, akalie popote lakini si hapa.

Profesa alisogea. Hakutaka kusema lile analopaswa kulisema, hivyo akachelewesha kidogo kwa kufunua bilauri ya kwanza na kuiinamia, akizivuta ndevu zake kwa huzuni. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo.

"Mabwana," alianza, kisha akainama zaidi.

Juu ya mafuta kulikuwa na nyota nyeupe, ndogo kama jicho la sindano. Ikatoa miguu. Miguu ikatoa miguu. Wale wa mbele waliinuka vitini, na kabla mtu hajasema neno bilauri yote ilikuwa imejaa sindano nyeupe, mpaka chini.

Kapitolina aliinama naye akatazama. Zilikuwepo. Mbele ya watu wote zilikuwepo. Lakini furaha yake haikupata hata nafasi ya kupumua, kwa sababu Ippolit Karlovich alikuwa ameshaanza kupiga makofi.

"Si niliwaambia kemia ni ndevu?" alisema. "Hongera, Avenir Lvovich. Mwanamke amepika mafuta, ndevu zako zimetoa fuwele. Ziandikwe fuwele za Golubtsov."

Golubtsov lilikuwa jina la ukoo wa profesa. Wengine wakapiga makofi pia, kwa kicheko, na kicheko kile kilikuwa cha hatari kuliko matusi, maana jambo likishachekewa hivyo huwa ndivyo lilivyo. Profesa mwenyewe alikuwa amepigwa na butwaa. Kapitolina aliona kazi yake ikiondoka mbele ya macho yake, ikipanda kwenye ndevu za mtu mwingine. Hapo ndipo aliposhikwa na hasira, na hasira ikamsafisha akili.

"Mabwana, msiondoke," alisema. "Naomba mniazime ndevu zenu."

Vijana wa nyuma wakanyoosha shingo.

"Daktari anasema kemia ni ndevu. Sawa. Tupime." Aliifunika ile bilauri iliyoganda, akaisogeza mbali, akamwomba profesa akae kule dirishani asikaribie. Kisha akafunua bilauri ya pili. "Tuanze na wewe, Ippolit Karlovich. Umesaga dawa tangu ujana wako."

Haikuwezekana kukataa bila kuonekana mwoga. Ippolit Karlovich akaja, akainama, akakikuna kidevu chake chenye ndevu kidogo zilizochongoka kama za mbuzi. Hakuna kitu. Akafuata mzee mmoja mtaalamu wa madini, ndevu mpaka kitovuni. Akafuata mwalimu wa shule ya wavulana. Walikuja mmoja mmoja, watu wazima wenye nishani, wakainama na kutikisa ndevu juu ya kibilauri mithili ya punda wanaokunywa maji, na vijana nyuma walikuwa wamejiziba midomo. Mafuta yalibaki mafuta.

"Sasa profesa," Kapitolina alisema, akafunua bilauri ya tatu.

Profesa akainama. Nyota ikatokea karibu papo hapo.

Hakuna aliyecheka tena. Kapitolina alimgeukia, na sauti yake ilikuwa imetulia.

"Avenir Lvovich, wakati wa baridi uliyapika mafuta haya mwenyewe, kwa ndevu hizi hizi. Yaliganda?"

"Hayakuganda."

"Basi tangu wakati ule ndevu zako zimeokota kitu. Wewe na mabwana hawa mnakutana katika jengo hili, mnakunywa chai pamoja, Jumapili mlimsalimia gavana pamoja. Ni wapi ulikwenda peke yako, ambako hakuna mwingine hapa aliyekwenda?"

Profesa alifikiri. Kisha uso wake mkubwa ukabadilika taratibu, akainua mkono akaugusa ubavu wa kidevu chake, mahali alipobusiwa.

"Kwa mpishi wa sabuni," alisema. "Nilimbusu baba yako."

"Baba yangu alikaa baridi yote pembeni ya kinu changu," Kapitolina alisema, "na hata Alhamisi ya Usafi hakuoga, wala baada yake, kwa sababu ya kifua. Nyumba nzima ilioshwa kasoro yeye. Fuwele hizi ni za chumba changu cha uani, mabwana. Zilikuwepo humo kabla ya leo. Ziliwafikia kwa busu la Pasaka."

Ippolit Karlovich alisema hiyo ni hadithi nzuri, lakini ni hadithi. Kapitolina akajibu kwamba imebaki bilauri moja, na baba yake yuko kibandani kwa mlinzi.

Mzee Yevgraf aliletwa juu, vijana wawili wamemshika huku na huku. Alivua kofia, akawainamia wanachama wote mpaka kiunoni, kama mtu aliyeingia kanisani. Binti yake akamwonyesha bilauri. Hakumweleza lolote, alimwambia tu ainame atazame, baba. Mzee akainama. Hakuwahi kuona vizuri kwa karibu, hivyo akainama zaidi, ndevu zikafagia ukingo wa kioo, na bilauri yote ikawa nyeupe chini ya pua yake kabla hajauliza anatazama nini.

"Aa," akasema kwa kuridhika. "Zimekuja."

Profesa Avenir Lvovich ndiye aliyesimama kwanza. Baadaye walisimama wote, na Ippolit Karlovich alisimama mwishoni, lakini alisimama. Profesa alitangaza kwa sauti ya kusikika hadi nje kwamba fuwele zile ni za Kapitolina Yevgrafovna Sukhorukova, kwamba yeye mwenyewe hakuzifanya ila alizibeba tu bila kujua, kama farasi anavyobeba barua. Akamwomba radhi kwa ule utani wa ngazini. Machozi yalimtoka Kapitolina mbele ya chama kizima, wala hakujali.

Wakati wanachama wanasongamana kutazama bilauri, Fetinya, aliyekuwa amepanda ngazi nyuma ya mzee bila kuombwa ruhusa na mtu, alimvuta Kapitolina pembeni. Alikuwa akilia pia, lakini kilio cha aina nyingine.

"Namshukuru Mungu sikumpeleka bafu," alisema. "Na nilikuwa nagombana naye baridi yote, mwanangu. Kila siku namwambia, kaa chumbani kwako, jiko lako ndilo linalowaka vizuri kuliko yote nyumbani, kule uani baridi inapenya ukutani. Hasikii. Akaniambia nikikwambia atanifukuza."

Kapitolina alimtazama. "Si alisema jiko lake halipashi?"

"Jiko lake? Ungeweza kuoka mkate humo." Fetinya alipangusa macho kwa ncha ya kitambaa. "Alisema watu wa mtaa wanasema mwanamke anayechemsha vitu peke yake uani ni mchawi. Alisema, nikikaa humo hatakuwa peke yake."

Kapitolina aligeuka. Alimtazama baba yake kule mezani, koti la kondoo limemzidi mabega, akimweleza mzee wa madini jinsi ya kuchemsha mafuta ya kondoo yasitoe harufu. Alikumbuka miezi yote ile, mluzi wa kifua kile katika chumba ambacho asubuhi maji huganda ndooni.

Profesa alimjia akisugua mikono. Alisema meza yake itakuwa ile ya karibu na dirisha, na kama kuna kifaa chochote anachokihitaji, mizani, kinu, tanuri, aseme sasa wakati wanachama wana moyo laini.

"Nahitaji kiti kimoja," Kapitolina alisema. "Chenye mgongo. Kiwekwe karibu na jiko."

Profesa hakuelewa mara moja. Mzee alikuwa amesikia, akajongea akikohoa, akajaribu kusimama wima kwa ajili ya heshima ya mahali.

"Samahani, bwana mkubwa, kwa usumbufu," alimwambia profesa kwa uzito. "Ni kwa sababu jiko la chumbani kwangu halipashi hata kidogo."

Kapitolina, ambaye alitokwa jasho chumbani mle wiki nzima, alimshika baba yake mkono.

"Ni kweli," alisema. "Kuna baridi sana."